Mtoto wa Desemba

Jumamosi, Tacuarembó, mwezi wa sita.
Baridi imeng'ata nyasi hadi zimepauka,
nami nimesimama nyuma ya goli la kusini,
chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha mate mkononi,
kalamu sikioni kama seremala.
Klabu ya Montevideo imenituma: leta mshambuliaji,
miaka kumi na miwili, asizidi.

Wananionyesha Maicol kabla sijauliza.
"Yule, Don Wilmar! Yule pale!"
Ana mabega ya mchinja nyama na kivuli cha masharubu.
Kabla ya mapumziko ameshafunga manne:
anausukuma mpira mbele, anaukimbiza,
wenzake wanamdondoka kama maganda.
Babake anaupiga uzio kwa ngumi,
na kila goli likiingia
ananitazama mimi, hamtazami mwanawe.
Mgema akisifiwa, nikajisemea,
nikamwandika hata hivyo. Kazi ni kazi.

Ila kuna kitu kinanikera pembeni mwa jicho,
kama kijiti ndani ya soksi.
Namba kumi na nne. Jezi imemfika magotini,
mikono kaikunja mara tatu.
Mpira hajaugusa hata mara kumi.
Mimi nahesabu kingine:
shingo yake.
Kabla mpira haujamfikia anageuza kichwa,
kulia, kushoto,
kama mtoto anayevuka barabara
kamshika mdogo wake mkono.
Ukifika, safari yake ameshaipanga;
mguso mmoja, anautuma
mahali pasipo na mtu.
Na kweli hapana mtu. Winga amezubaa,
mpira unatoka nje, unagonga ndoo ya mtu,
kocha anafoka: "Elián! Unawapasia mizimu?"

Mimi nilimjua aliyepasiwa.
Ni mchezaji atakayesimama pale
baada ya miaka sita.

Kipindi cha pili wakamtoa.
Nikaomba orodha kwa mama wa klabu,
nikashuka kwa kidole kwenye tarehe.
Maicol Techera: tarehe nne, Januari.
Elián Leites: ishirini na tisa, Desemba.
Rika moja, karatasi inasema.
Karatasi haijui kwamba kati yao kuna
karibu mwaka mzima wa mikate,
karibu mwaka mzima wa mifupa.

Niliwahi kukosea. Durazno, mwaka wa tisini na nane,
mtoto wa namna hii hii.
Niliandika neno moja tu: *mdogo*.
Siku hizi anaendesha lori la magogo.
Tulikutana kituo cha mafuta; akanikumbuka,
akavua kofia, akaniuliza hali ya mke wangu.
Heri angenitukana.

Nyota njema huonekana asubuhi, husema watu.
Sikatai. Lakini asubuhi za huku zina ukungu,
na ukungu haumfuniki nyota
asiufunike na mtazamaji.

Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na haraka.
Watu wakakimbilia turubai la kando ya lango,
mwanamke anakaanga maandazi bapa ya siku za mvua,
mafuta yanaimba, sukari inaganda vidoleni.
Elián yuko pale, bado na njumu zake,
anapokea sarafu za mama.
Nikasimama wa tatu kwenye foleni, kimya.
Akageuza kichwa, kulia, kushoto,
akanifungia langu kwenye karatasi
kabla mama hajajua kwamba nipo.

"Ule mpira," nikamuuliza, "ulimpasia nani?"
Akatazama njumu zake, masikio yakamwiva.
"Palikuwa na nafasi, bwana."
Basi. Akarudi kwenye chenji.

Usiku, hotelini, hita inakohoa,
nimejaza fomu mbili.
Ya Maicol ilijaa upesi.
Ya pili, kwenye mstari wa *kimo*,
nimeandika: *Desemba*.
Kwenye mstari wa *magoli*: *bado*.
Jumatatu watanipigia simu, nawajua,
watacheka kwanza, kisha hawatacheka:
Wilmar, tulikuomba mshambuliaji.

Vidole vyangu bado vina sukari.
Fomu imenata.